Pembe ya Bibi Cornelia

Serikali ilipoondoa ruzuku na mfuko wa mbolea ukawa haushikiki, wakulima wa uwanda wa Ufipa walirudia kilimo cha babu zao. Mtu hukata udongo pamoja na majani yake, huukunja ili majani yabaki ndani, kisha huurundika mpaka lundo la mviringo limfike magotini. Juu ya lundo hupandwa maharage. Majani huoza chini kwa chini, na mwaka unaofuata lundo husambazwa, ardhi ikawa imepata nguvu bila duka. Malundo hayo Wafipa huyaita ntumba.

Kazi ya ntumba haifanywi na mtu mmoja. Anayetaka shamba lake lirundikwe hupika pombe ya ulezi, akaita watu. Akiitwa na yeye, huenda. Asiyekwenda haendewi. Sheria hiyo haikuandikwa popote, wala haikuhitaji kuandikwa.

Kalisti na mkewe Bertilla walikuwa wameshindwa kwenda mara mbili, kwa sababu binti yao Silvana alikuwa amelala na maumivu ya mifupa. Kwa hiyo ilipofika zamu ya Modesti, kaka yake Kalisti, Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, walikwenda wote watatu, Silvana akiwemo, ili watu waone kwamba nyumba yao ina mikono.

"Leo tumeletewa na mgonjwa," alisema mwanamume mmoja akiegemea jembe lake. "Binti, utakata udongo au utaukodolea hayo macho ya njano mpaka ujirundike wenyewe?"

Watu walicheka. Silvana alikuwa na miaka kumi na minne, na mwili wa mtoto wa miaka kumi. Alikuwa amezoea kuchekwa. Alitazama chini na kusubiri kicheko kiishe.

"Akae na watoto," alisema Bibi Cornelia, mama yao Modesti na Kalisti. "Kila mtu na kazi yake."

Akapelekwa chini ya turubai lililofungwa kwenye miti minne pembeni mwa shamba. Hapo wanawake walikuwa wameacha watoto wao wachanga juu ya magunia, karibu na mitungi ya pombe. Mvua ya manyunyu ilikuwa ikianguka tangu alfajiri, na upepo wa Ufipa ulipita chini ya turubai kama hakuna turubai.

Bertilla alikuwa amemaliza lundo la tatu alipomwona Silvana akimpungia mkono. Alisimika jembe, akaenda.

"Mama, tazama mikono yake."

Alikuwa amempakata Isdori, mtoto wa Modesti, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kukaa. Mikono ya mtoto ilikuwa imevimba kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, ngozi imenyooka na kung'aa kama ya soseji. Miguu pia. Hakuwa akilia kwa sauti. Alikuwa akiguna, kama mtu mzima aliyechoka. Bertilla alimfunua kope ya chini. Ndani palikuwa peupe.

"Ni kama Clemens," alisema Silvana.

"Nyamaza."

Lakini ilikuwa ni kama Clemens. Clemens alikuwa mdogo wake Silvana. Alivimba hivyo hivyo mikono na miguu, umri huo huo, miaka mitatu nyuma. Bibi Cornelia alikuwa mwumikaji anayejulikana mpaka Chala: alikuwa na wembe, nta na pembe ya ng'ombe iliyotobolewa nchani, na watu walimfuata kwa kichwa, kiuno, mgongo. Alichanja mikono na miguu ya Clemens, akaweka pembe, akavuta kwa mdomo damu mbaya itoke. Ilitoka. Uvimbe ulinywea kidogo. Usiku wa pili mtoto alikuwa mweupe kama unga, na kabla hawajafika barabarani alikuwa ameshakufa mgongoni mwa mama yake.

Baadaye Silvana naye alipozidiwa, Bertilla alimpeleka hospitali mjini, na huko muuguzi alimweleza. Ugonjwa unaitwa sikoseli. Chembe za damu, badala ya kuwa mviringo, zinajipinda kama mundu, zinanasa kwenye mishipa na kuvunjika upesi. Mtoto anaupata kwa baba na kwa mama, wote wawili. Mtoto wa hivyo hana damu ya kupoteza, hata kijiko. Bertilla aliuliza swali moja tu, kuhusu kuumika. Muuguzi alijibu bila kujua alichokuwa akiulizwa.

Aliporudi alimweleza mumewe. Kalisti alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba maneno hayo yasitoke nje ya chumba kile. Hayakutoka. Kwa miaka mitatu Bertilla alimpelekea mama mkwe wake maji ya kunawa mikono kila alipomaliza kuumika, kama mkwe anavyopaswa.

* * *

Alimkuta Coleta, mke wa Modesti, akikoroga kimea cha pombe mtungini kwa mwiko mrefu.

"Mama Isdori, mtoto ana siku ngapi hivyo?"

"Tangu juzi. Hanyonyi vizuri." Coleta alikuwa mwanamke mdogo kutoka Kirando ziwani, alikuwa bado hajazoea baridi ya juu, na alizungumza kwa hofu ya mgeni. "Bibi amesema watu wakishakunywa ataumika. Ameshakuja na pembe yake."

"Asiumikwe."

"Dada?"

"Nakuambia asiumikwe. Mpeleke hospitali."

Coleta alitazama upande wa mumewe kabla ya kujibu. "Hospitali siku hizi ni kuchangia gharama. Na barabara hii? Modesti atasema nini? Wewe mwambie bibi, dada. Mimi siwezi."

Bertilla alimfuata mumewe kwenye mstari wa wanaume. Kalisti alimsikiliza bila kuacha kukata udongo.

"Si sasa," alisema.

"Ni sasa. Wakinywa pombe wataanza."

"Unataka umwambie mama yangu nini? Kwamba alimuua mjukuu wake? Hapa, mbele ya majirani na mitungi?" Alirundika udongo, akaupiga kisogo cha jembe mara mbili. "Mikono ya watoto inavimba kwa mambo mengi. Rudi kwenye mstari wako. Watu wanatutazama."

Kweli walikuwa wanatazamwa. Modesti alikuwa amesimama, fimbo mkononi. Siku ya kazi yake mwenye shamba halimi. Hutembea katikati ya watu, anasifu, anakejeli, anaonyesha wapi lundo limekaa vibaya. Modesti alikuwa mtu mpana, mwenye sauti, na aliyefurahia siku hiyo kuliko siku nyingine zote za mwaka.

"Shemeji!" aliita. "Umekuja kulima au kukagua? Mara mbili umetukimbia, mara ya tatu unatembea kama bwana shamba!"

"Mwache, ana cheo," alisema mwingine. "Mkaguzi wa uji."

Modesti alicheka pamoja nao. Kisha alitazama turubai, na kicheko kikaisha.

"Nani amempa huyo mtoto wangu?"

Katika kijiji kile palikuwa na watu walioamini kwamba maumivu ya Silvana hupita kwa jasho. Hawakuwa wakisema hivyo mbele ya wazazi wake. Walikuwa tu hawamkalishi karibu kanisani, na kikombe alichonywea walikisuuza kwa majivu. Modesti alifika kwenye turubai, akaiona mikono ya mwanawe kwenye mapaja ya Silvana, akafunga hesabu yake papo hapo.

"Ni wewe."

"Baba mkubwa, alikuwa hivi hivi alipo—"

Fimbo ilimkuta begani. Ilikuwa fimbo ya kuchungia, ngumu, iliyokauka. Silvana hakumtupa mtoto. Alijikunja juu yake kama konokono, na Modesti akaendelea kumpiga mgongoni na mbavuni, kwa mpango, kama mtu anayepura maharage. Kila pigo lilisikika. Wanawake walipiga kelele lakini hakuna aliyesogea, kwa sababu baba mkubwa ana haki ya kumchapa mtoto wa ndugu yake, na kwa sababu wengine walikuwa wamesubiri muda mrefu mtu afanye hivyo.

Bertilla alikuja akikimbia na jembe. Hakupiga kelele. Alipiga kwa kisogo cha chuma, kutoka juu, na pigo likamkuta Modesti kwenye mkono ulioshika fimbo, kati ya kiwiko na kiganja. Mfupa ulisikika mpaka kwenye mstari wa wanaume. Modesti alipiga magoti, mkono wake ukiwa na pembe mahali pasipo na kiungo.

Bertilla alinyanyua jembe tena. Haijulikani angepiga wapi. Kalisti alikuwa ameshafika. Alilishika jembe kwa nyuma, akalivuta, na kwa kiganja cha mkono wa pili akampiga mkewe usoni mara moja, mara mbili, mpaka akaanguka juu ya mtungi. Mtungi ulipasuka. Pombe ilimwagika kwenye magunia, chini ya watoto.

"Umempiga kaka yangu! Umempiga kaka yangu kwa jembe!"

Wanaume watatu walimlaza Bertilla kifudifudi na kumfunga mikono nyuma kwa kamba ya mkonge. Mmoja alimkanyaga shingoni wakati wa kufunga, ingawa hakuwa akipigana. Mwingine aliokota mtungi uliopasuka, akachungulia ndani, akasema kwamba imebaki kidogo.

* * *

"Ngumi ni zenu," alisema Bibi Cornelia. "Mtoto anaumwa."

Alikuwa amekaa juu ya gunia kavu lililobaki. Alimchukua Isdori kutoka mikononi mwa Silvana bila kumkemea, akamlaza kwenye mapaja, akafungua kitambaa chake. Wembe ulikuwa mpya, bado kwenye karatasi. Aliipangusa pembe kwa upindo wa kanga. Hakuwa mwanamke mkali. Wajukuu wote walijua mapaja yake, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko sindano ya zahanati.

Bertilla alikuwa amelala hatua chache kutoka hapo, shavu kwenye matope, damu ya pua ikichanganyika na pombe. Aliuona wembe ukitoka kwenye karatasi.

"Mama," alisema. "Usimchanje."

"Nyamaza wewe," alisema Kalisti.

"Mama, Clemens hakufa kwa ugonjwa. Alikufa kwa pembe."

Kalisti alimpiga teke mdomoni. Hakuwa amekusudia mdomo, lakini alikuwa amevaa viatu vya mtumba vyenye pua ngumu, na jino la mbele la Bertilla lilitoka. Alilitema, akaendelea, maneno yakitoka yamelowa.

"Alikuwa hana damu. Ile uliyovuta ndiyo aliyokuwa nayo. Hospitali walinieleza. Na huyu ni yule yule. Mtazame kope."

Hata mvua ilisikika. Kalisti alirudisha mguu nyuma ili apige tena.

"Mwache," alisema Bibi Cornelia.

Kalisti aliacha.

"Mama, huyu ni mwendawazimu," alisema Modesti kutoka chini, akiushikilia mkono wake kama mtoto wa mtu mwingine. "Ameleta uchafu wa kwao bondeni, sasa anakutupia wewe. Mchanje mtoto!"

Bibi Cornelia alimfunua Isdori kope ya chini. Alitazama kwa muda. Akafunua ya pili, kana kwamba ingekuwa tofauti. Kisha aliurudisha wembe kwenye karatasi yake, akaikunja karatasi katika mikunjo ile ile ya dukani.

"Kalisti," alisema, "ulijua?"

Kalisti alitazama viatu vyake.

Aliyezungumza kwanza alikuwa Nyanda, Msukuma mwenye ng'ombe aliyehamia ukingoni mwa kijiji miaka michache kabla. Alikuwa amekuja kwa kuwa alihitaji watu kwenye shamba lake mwenyewe, na tangu asubuhi alikuwa ametaniwa kwamba anarundika malundo kama anazika ndama. Sasa alikuwa amechuchumaa mbele ya Modesti, akiutazama mkono.

"Huu umekatika mifupa yote miwili," alisema. "Ungekuwa wa ng'ombe ningekwambia chinja tule. Huu si wa kukanda. Mkiukanda utaoza. Mayo," alimgeukia Bibi Cornelia, akimwita mama kwa Kisukuma, "gari langu la ng'ombe lipo. Nitawafikisha Chala, mpate lori."

"Na huyu mwanamke twende naye," alisema Modesti, meno yamekazana. "Akabidhiwe polisi hapo Chala. Hivyo hivyo na kamba yake."

"Twende naye," alikubali Nyanda. "Ng'ombe hawajali."

Coleta alimchukua mtoto wake kutoka mapajani mwa mama mkwe. "Na mimi naenda," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza watu wengi pale kumsikia akisema sentensi isiyo swali.

"Unaenda wapi? Nani kakwambia?"

"Si gari linaenda huko huko?" alisema Coleta.

Na hivyo jambo ambalo Bertilla hakuweza kulipitisha kwa heshima lilifanywa na mfupa uliovunjika.

* * *

Gari la ng'ombe lilikuwa ubao juu ya magurudumu mawili ya gari la zamani. Modesti alikaa mbele, mkono umefungwa kwenye mpini wa jembe uliokatwa. Nyuma walikaa Coleta na mtoto, Bertilla na kamba yake, na Silvana aliyelazwa katikati. Kalisti hakupanda. Alisema lazima mtu abaki na wageni wa kaka yake.

Walipoingia kwenye madimbwi ya barabara, Silvana alianza. Kipigo na baridi vilikuwa vimefanya kazi yao. Maumivu yalianza mapajani, yakapanda kiunoni, yakaingia kifuani. Alianza kwa kuuma ukosi wa gauni. Baadaye akawa anapiga kisogo chake kwenye ubao, kwa mpigo mmoja usiobadilika.

"Mshike kichwa," alisema Bertilla. "Coleta, mshike kichwa. Mimi siwezi."

"Nimshike?"

"Haiambukizi. Ningekuwa nimekufa. Mfunike miguu kwanza, yote, na hiyo kanga ya pili. Ana kiu, mpe maji kidogo kidogo, asiache kunywa. Msugue mgongo taratibu, usikande. Na zungumza naye. Akiachwa peke yake na maumivu yanakuwa makubwa zaidi."

"Nizungumze nini?"

"Chochote. Za kwenu ziwani."

Coleta alikiweka kichwa cha Silvana kwenye paja lake, upande wa pili wa Isdori, akaanza kuzungumza. Alimweleza jinsi dagaa wanavyoanikwa kwenye mchanga, jinsi mbwa wa Kirando wanavyowaiba, jinsi shangazi yake alivyomfukuza mbwa mmoja mpaka ndani ya maji akasahau kwamba hajui kuogelea. Silvana alipiga ukelele ambao ng'ombe waliusikia, wakageuza masikio. Coleta aliendelea: mbwa ndiye aliyemvuta shangazi nchi kavu, kwa upindo wa kanga.

Modesti hakugeuka. Lakini hakuwa na mahali pengine pa kuweka masikio yake. Kila shimo la barabara lilimtoa machozi yeye na kumtoa ukelele mtoto aliyempiga, na kwa vile mashimo yalikuwa yale yale, walilia pamoja. Mara moja alisema, bila kumlenga mtu, "Anaigiza." Gari likaingia shimo. Hakusema tena.

Huko Chala, kituo cha polisi kilikuwa na askari mmoja, na alikuwa anakula. Alisema maelezo yataandikwa akimaliza, na kwamba gari la kumpeleka mshtakiwa hakuna. Hapo barabarani lori la mnunuzi wa mahindi lilikuwa likinguruma, tayari kuelekea Sumbawanga. Tangu ushirika ulipokufa malori hayo yalikuja na kuondoka yalivyotaka.

"Chagua, mzee," alisema dereva. "Polisi au hospitali. Mimi sisubiri."

Modesti aliutazama mkono wake. Vidole vilikuwa vimegeuka rangi.

"Hospitali. Na huyu apande, atakamatwa huko huko."

"Na kamba?" Dereva alimtazama Bertilla, pengo lake, matope yake. "Hapana, mzee wangu. Mimi nabeba mahindi, sibebi mahabusu. Mkitaka apande, afunguliwe. Nikisimamishwa njiani nitaeleza nini?"

Nyanda alimfungua kwa kisu chake. Kamba aliikunja vizuri, akaiweka kwenye gari. Ilikuwa kamba nzuri.

Bertilla alipanda juu ya magunia, akanyoosha mikono iliyokufa ganzi, na kabla haijarudiwa na damu alikuwa ameshamchukua binti yake.

* * *

Hospitalini, Modesti alifungwa plasta na kukaa kwenye benchi la wodi ya watoto, kwa sababu hakuwa na pengine pa kukaa. Isdori alikuwa amewekewa maji na dawa ya malaria. Silvana alikuwa amechomwa sindano ya maumivu na kulala, mdomo wazi.

Muuguzi aliwaeleza Modesti na Coleta yale yale aliyowahi kuelezwa Bertilla: mundu, mishipa, baba na mama.

"Mimi sijaugua hata siku moja," alisema Modesti.

"Na mdogo wako?"

"Hajaugua."

"Na ana mtoto kama huyu. Mnaubeba ugonjwa wote wawili bila kuugua. Mkeo vilevile."

"Kwa hiyo si jasho."

"Jasho gani?"

Muuguzi alipekua vidole vya Isdori, kimoja kimoja, akaonekana kuridhika na kitu ambacho hakukiona.

"Wengi wanaletwa wameshachanjwa. Wengi wao hatuwahi kuwaokoa. Nani aliwaambia msimchanje?"

Modesti alitazama ukutani. Coleta alinyoosha midomo yake upande wa Bertilla, aliyekuwa amelala sakafuni chini ya kitanda cha Silvana, kitambaa kimefungwa kwenye taya.

Modesti hakwenda polisi. Pia hakuomba radhi, siku hiyo wala nyingine. Asubuhi Coleta alipokwenda kufua na Isdori akaanza kulia, alijaribu kumnyanyua kwa mkono mmoja, akashindwa. Silvana alikuwa amekaa kitandani. Walitazamana.

"Haya," alisema Modesti. "Mchukue. Na umshike vizuri."

"Nilimshika vizuri," alisema Silvana.

* * *

Zamu ya Kalisti ilifika kabla mvua hazijaisha. Bertilla alipika pombe kama kawaida, mitungi mitatu, ingawa Kalisti alimwambia kwamba atakunywa mwenyewe. Hawakuwa wakizungumza sana. Alikuwa amemwomba Bertilla msamaha wa jino, mguu hakuutaja.

Kijiji kilikuwa na maneno. Wengine walisema mwanamke aliyemvunja shemeji yake hastahili kuendewa. Wengine walisema mwanamke aliyemwambia mama mkwe kwamba ni muuaji hastahili hata kuitikiwa salamu. Bibi Cornelia mwenyewe hakusema chochote. Tangu siku ile hakuwa amefika nyumbani kwa Kalisti, na mlango wake ulikuwa umefungwa kwa wanaotaka kuumikwa. Aliyebisha aliambiwa bibi anaumwa macho.

Jua lilipotoka, shambani walikuwa watu wawili tu, mume na mke. Kisha alikuja Nyanda, akauliza kama ndama wa kuzikwa wapo. Kisha Coleta, Isdori mgongoni. Modesti alimfuata nyuma, plasta yake imekwisha kuwa nyeusi, akatangaza kwamba yeye amekuja kunywa tu, kwa kuwa kuna watu waliomnyang'anya mkono. Nyanda alicheka. Bertilla hakucheka, lakini alimpa kigoda.

"Silvana," aliita Coleta, akifungua mbeleko. "Njoo umchukue mwenzio."

Walikuwa wameshaanza waliposikia mtu mwingine akikata udongo kwenye mstari wa Bertilla, upande wa pili. Alikuwa Bibi Cornelia. Hakuwa amesalimia mtu. Bertilla aliacha kazi, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lima."

Walilima. Mwanamke mzee alikata udongo wake sawasawa, akaukunja, majani yakaingia ndani. Lundo lilikua kati yao. Baadaye alisema, bila kuinua kichwa:

"Miaka mitatu ulijua."

"Ndiyo, mama."

"Ukaniletea maji ya kunawa."

"Ndiyo."

"Baada ya Clemens niliwaumika watoto wengine. Wa katekista wa chini, wale mapacha. Wa mwalimu. Na wa yule fundi baiskeli, aliyevimba miguu." Alipiga jembe. "Yule wa fundi alikufa. Unamkumbuka?"

"Namkumbuka."

"Ulikuja kwenye msiba. Ulipika."

Bertilla alikuwa ameegemea mpini kwa mikono yote miwili. Bibi Cornelia alijinyoosha, akamtazama usoni, kwenye pengo la jino, kisha akalitazama jembe lile. Kisogo chake kilikuwa kile kile kilichokutana na mfupa.

"Jembe hilo ulimpigia Modesti," alisema. "Heri ungenipiga nalo mimi, siku ile ile uliyotoka hospitali."

Aliinama, akakata udongo mwingine. Bertilla alisubiri kama kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi. Akainama naye, na lundo lile wakalimaliza pamoja.